Deni la Mguu wa Kaka

Kaka yangu alivuka Mto Kagera na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), akawamo Kampala ilipotekwa Aprili 1979, akarudi kwetu Kasense mzima. Kilichomlemaza ni sindano. Malaria ilimbana vibaya, akachomwa kwinini kwenye tako, mshipa wa fahamu ukaguswa, na tangu hapo unyayo wa kulia umelegea, vidole vinaburuzika chini. Kulima matuta ya ntumba, kufukia nyasi na kuinua udongo, kunataka miguu miwili.

Alipoomba fidia aliambiwa athibitishe uzembe wa aliyemchoma. Hataki. Muuguzi yule alikesha naye, na bila dawa ile angekufa. Faili likafungwa. Kwenye jumuiya wakamwambia avumilie, ni mapenzi ya Mungu.

Mimi ni katekista, na maneno hayo yananiuma. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimwona kipofu, wakauliza kwanza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa swali lao, kisha akamponya. Katika ofisi za fidia bado tunaanza na swali la wanafunzi. Na Kutoka sura ya 22 inasema moto ukisambaa ukateketeza nafaka ya mtu, aliyeuwasha alipe. Haiulizi kama alikuwa na nia mbaya. Sisi Wafipa tunaochoma mashamba tunaielewa haki hiyo bila kufundishwa.

Huko Marekani Fred Gardner, askari wa vita vya Korea, alipasuliwa mgongo katika hospitali ya maveterani, mguu wa kushoto ukabaki dhaifu. Serikali ilidai kosa la daktari lionekane kwanza. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikasema sheria haina sharti hilo, akashinda. Miaka miwili baadaye Bunge likaliandika sharti lenyewe ndani ya sheria. Nasikitika kwamba walirudi nyuma.

Watu husema bila sharti hilo hazina itakauka, maana si kila ulemavu umeletwa na tiba. Kweli, basi mgonjwa athibitishe hilo: kwamba ni tiba iliyomuumiza. Ukimtaka pia amtie mtu hatiani, wauguzi watayaficha madaftari, na mwenye huruma kama kaka yangu ndiye atakayekosa.

Barua mpya nimemwandikia mimi, mwenyekiti wa mtaa ameigonga muhuri. Neno uzembe halimo. Imeeleza mguu ulivyokuwa aliporudi vitani, sindano ilichomwa wapi, na kazi asizoziweza tena. Jumatatu tunaipeleka mjini.