Je, ni dhambi kutafuta nafuu katika bangi?

Swali hili limeulizwa katika mtaa wetu, tena na wazee wanaoheshimiwa, ambao magoti na migongo haijawapa usingizi kwa miaka mingi. Wamesikia kwamba huko Ulaya watu hutibiwa maumivu kwa dawa zitokanazo na bangi, nao wauliza kama Mkristo aweza kuzitumia. Wengine wakisikia jina hilo tu huziba masikio. Sisi tuliofundisha shule twaelewa sababu, maana tumeona vijana wenye akili njema wakiharibiwa nayo.

Lakini jina la mmea si hukumu. Msamaria aliyatia majeraha ya yule mtu mafuta na divai, wala hakuuliza kwanza divai huwafanya nini walevi. Wako wasemao kwamba Bwana wetu pale Golgotha aliikataa divai iliyotiwa manemane, basi nasi tuvumilie. Aliikataa kwa ajili yake mwenyewe. Wagonjwa waliomjia aliwaponya.

Hata hivyo tuseme kweli juu ya dawa yenyewe. Katika bangi mna vitu vingi, na viwili vijulikanavyo zaidi ni THC, ambacho hulevya, na CBD, ambacho hakilevyi. Uingereza iliwaruhusu madaktari bingwa kuandika dawa hizi mwaka 2018. Mwaka uliofuata, chombo kinachowashauri madaktari wa huko kilisema wagonjwa wa maumivu ya muda mrefu wasipewe, kwa kuwa nafuu iliyoonekana ilikuwa ndogo na gharama kubwa. Basi yule auzaye mafuta ya bangi katika kichupa kisicho na kipimo, akiahidi kuponya kila kitu, anajua nini wasichokijua wao? Tena hapa Tanzania kukutwa nayo ni kosa la jinai, na mzee wa miaka sabini hastahili kumalizia siku zake mahabusu.

Linalotusumbua zaidi ni hofu ya jina. Mofini hutokana na afyuni, nayo hutolewa hospitalini kihalali kwa wagonjwa wa saratani. Tulimtembelea ndugu mmoja ambaye jamaa zake waliificha chupa yake ya mofini, wakisema, "Atazoea." Alikuwa amebakiwa na majuma machache tu. Azoee nini, na kwa muda gani?