Mgunduzi Asiyejua Alichogundua

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko Seattle, Marekani, kilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Foldit. Hauna bunduki wala mbio za magari. Mchezaji hupewa protini, mnyororo uliojikunjakunja ovyo, akaivuta kwa kipanya huku na kule, akaitikisa, akaibana hapa na kuilegeza pale, huku jicho moja likitazama alama zinavyopanda na kushuka. Umbo lenye nishati ndogo ndilo lenye alama nyingi, kwa kuwa kwa kawaida hata protini halisi hutulia katika umbo la namna hiyo. Si lazima mchezaji ajue hilo.

Mwaka 2011 wachezaji walipewa kimeng'enya cha virusi vinavyowaletea kima ugonjwa unaofanana na UKIMWI. Umbo lake lilikuwa limewashinda wataalamu kwa zaidi ya miaka kumi. Katika wiki tatu wachezaji wakatoa kielelezo kilichowawezesha wataalamu hao kuzifasiri data za eksirei walizokuwa nazo. Wengi wa wachezaji hawakuwa wamesomea biokemia hata kidogo.

Je, walijua nini?

Wapo watakaosema hawakujua kitu, wamebahatisha tu. Hoja hiyo haisimami, maana kompyuta nazo zilibahatisha, mara nyingi mno, zikakwama. Fundi wa jahazi hupinda mbao bila mchoro, kwa jicho na mkono, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema fundi huyo hajui kazi. Kujua si lazima kuanzie kwenye nadharia.

Pingamizi lenye uzito liko kwingine. Jahazi hupimwa na bahari. Mchezaji wa Foldit hupimwa na alama, na kanuni za alama zimetungwa na wanasayansi. Basi pengine ujuzi wote ni wao, na mchezaji anautembeza tu. Kuna ukweli humo. Wachezaji walipoanza kubuni protini mpya, baadhi walipata alama za juu kwa maumbo ambayo mtaalamu akiyatazama tu anajua hayatajikunja. Hawakudanganya, walicheza kwa sheria walizopewa, na kasoro ya sheria ndiyo iliyojianika. Sheria zikarekebishwa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, kati ya miundo 146 ya wachezaji iliyojaribiwa maabara, 56 ilijikunja ikatulia.

Kwa hiyo aliyetunga kipimo naye alifundishwa na waliopimwa.

Tena wachezaji waliweza kuandika mbinu zao kama mapishi ndani ya mchezo, wakapeana na kuyaboresha, kila mmoja akiongeza chake. Pishi moja lililoenea sana liliitwa Blue Fuse. Wanasayansi walipolichunguza waliliona linafanana mno na Fast Relax, mbinu waliyokuwa wakiitengeneza wenyewe na ambayo walikuwa bado hawajaichapisha.