Kidonda Kilichohesabiwa Upya

Bibi wa mtoto huyu ameniruhusu nisimulie yaliyompata mjukuu wake, kwa sharti kwamba nisitaje majina wala mtaa wao. Anataka wazee wenzake wanaolea wajukuu wasikie, na wazazi vijana pia. Nilipokuwa namsikiliza sikuona uzembe popote. Alimhangaikia mtoto kwa mikono yake na kwa fedha yake, akaacha na shughuli zake. Mimi na wewe tungekuwa mahali pake, huenda tungepita njia ile ile, na ndiyo sababu naona ni lazima kisa hiki kielezwe taratibu.

Mtoto ni wa kike, wakati huo akiwa darasa la pili, Korogwe, mkoani Tanga. Mama yake anafanya biashara Dar es Salaam, kwa hiyo analelewa na bibi. Jambo lilianza na kiraka kidogo cha duara juu ya sikio la kulia. Ngozi ya pale ilikuwa kavu, inabanduka unga mweupe, na nywele zilikuwa zimekatika karibu kabisa na ngozi, zimebaki vidoa vyeusi. Bibi aliyajua mapunye tangu zamani. Amelea watoto wake wakayapata, naye mwenyewe aliyapata utotoni. Alimnyoa mtoto kichwa chote, akakisugua kile kiraka kwa gunzi mpaka kikawa chekundu, kisha akapaka kitunguu saumu kilichotwangwa na kukamuliwa ndimu. Mtoto alilia sana. Baada ya siku kadhaa ule unga ulitoweka, na bibi akamshukuru Mungu.

Mwezi uliofuata kikatokea kiraka kingine, safari hii kisogoni. Akachemsha majani ya mwarobaini, akaosha kichwa kwa maji yake, na kila jioni akapaka mafuta ya nazi. Kikatulia. Kikarudi, na pembeni yake vipele vyenye usaha. Akaenda duka la dawa akauziwa tyubu ya krimu, akaambiwa ni nzuri kwa kila aina ya fangasi. Siku tatu tu muwasho ukaisha na wekundu ukapungua. Kila mtu nyumbani akasema sasa dawa imepatikana.

Naomba msomaji asipite hapa haraka, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapopotezwa. Kila alichofanya bibi kilionekana kufanya kazi, na si kwamba alijidanganya. Ukinyoa kichwa, unaondoa nywele nyingi zilizobeba kuvu, kwa hiyo ugonjwa hupungua kwa muda. Ukisugua, unaondoa magamba. Ukipaka mafuta, yale magamba yaliyobaki hulainika na kulala, hayaonekani tena. Na ile krimu, kama zilivyo nyingi zinazouzwa kwetu, ilikuwa imechanganywa dawa tatu, mojawapo ikiwa steroidi. Steroidi hutuliza muwasho na wekundu upesi sana, lakini pia huzuia mwili usipambane na kuvu, hivyo ugonjwa huendelea kusambaa chini kwa chini wakati ngozi juu inaonekana safi.

Kuvu ya mapunye haishi juu ya ngozi tu. Aina zinazowapata watoto wetu mara nyingi huingia ndani ya unywele wenyewe, hadi kwenye shina lake lililozama katika ngozi. Ni kama fukusi aliyekwisha kuingia katika punje ya hindi: ukiipangusa punje kwa nje, yeye yumo ndani anakula. Kitunguu, ndimu, mwarobaini, hata krimu halisi ya fangasi isiyo na steroidi, havifiki huko. Kinachofika ni dawa ya kumeza, kwa sababu hupitia katika damu na kuingia katika unywele unapoumbwa.

Hata wataalamu walihangaishwa na jambo hili miaka mingi, nao walipokosa dawa ya kufika shinani walitumia nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilienea desturi ya kupiga vichwa vya watoto kwa mionzi ya eksirei ili nywele zing'oke pamoja na kuvu. Huko Israeli, katika miaka ya 1950, maelfu ya watoto wa wahamiaji, wengi wao kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, walitibiwa hivyo. Mapunye yaliondoka. Lakini mwaka 1974 utafiti ulioongozwa na Baruch Modan ulionyesha kwamba waliopigwa mionzi walipata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingoni zaidi kuliko wenzao, na mwaka 1994 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kuwalipa fidia. Kumbe hata katika miaka ile ya mionzi, dawa ilikuwa njiani. Griseofulvini ilikuwa imetengwa kutoka kwenye ukungu mwaka 1939 jijini London, na mwaka 1958 J. C. Gentles alionyesha kwamba simbilisi wenye ugonjwa huu hupona wakipewa dawa hiyo kwa kinywa. Tangu hapo hakuna sababu ya kumsugua mtoto kwa gunzi mpaka atoke damu. Hilo nalisema kwa uchungu, maana bado linafanyika katika nyumba nyingi.

Turudi Korogwe. Sikukuu ya Idi ilikaribia, nywele zilikuwa zimeota kiasi, mtoto akapelekwa kusukwa. Msusi alipogawa nywele kwa chanuo aliona vipele na magamba. Akasema, "Bibi, mtoto huyu ana vidonda vya joto, tusimkaze sana." Akasuka, akapaka mafuta mengi. Dada yule alikuwa na huruma, na alichokiona alikisema. Hakuna aliyeuliza zaidi. Siku ileile, akimvisha gauni, bibi aligusa vinundu viwili vigumu nyuma ya shingo ya mtoto, chini ya mstari wa nywele. Alidhani ni kwa sababu nywele zimevutwa. Kumbe zilikuwa tezi zilizovimba. Mtoto mwenye magamba kichwani, nywele zinazokatika na tezi zilizovimba kisogoni, mtaalamu yeyote wa ngozi akimwona atafikiria mapunye kwanza.

Na dalili nyingine ilikuwa imelala kitanda kimoja na mtoto huyo. Mdogo wake wa kiume, wa miaka minne, alikuwa ameanza kujikuna. Walichangia mto, kofia na kitana kimoja. Mbegu za kuvu hukaa kwenye vitu hivyo na kungoja kichwa kingine. Bibi alipomnyoa dada, alimnyoa na huyo mdogo kwa wembe uleule, akiamini anamkinga.

Baada ya Idi kidonda cha kisogoni kilivimba. Kilikuwa uvimbe laini wenye majimaji, una matundu madogo mengi yanayotoa usaha, na nywele za juu yake ziking'oka kwa kuvutwa kidogo tu bila mtoto kusikia maumivu. Homa ikaja usiku. Jirani akashauri mafuta ya taa. Yalipakwa, ngozi ikaungua. Kisha mtu mwingine mwenye kujitolea akasema hilo ni jipu limeiva, akalipasua kwa wembe. Ilitoka damu nyingi na usaha kidogo, na kidonda kikawa kikubwa zaidi.

Hapo ndipo walipofika hospitali. Bibi anakumbuka swali la kwanza la mtaalamu wa ngozi: "Bibi, kidonda hiki kimeanza lini?" Naye akajibu bila kusita, "Kipya hiki, daktari. Kina wiki mbili."

Hakusema uongo. Kwa hesabu yake kilikuwa kipya. Kile cha juu ya sikio kilikwisha, cha kisogoni kilikwisha, kile cha baada ya krimu nacho kilikwisha, na hiki ni cha wiki mbili. Mtaalamu hakubishana naye. Alimuuliza tena kwa upole: je, kabla ya hiki kulikuwa na kingine? Na kabla ya hicho? Wakaenda hivyo wakirudi nyuma hadi kabla ya Mfungo wa Ramadhani. Bibi anasema alipoyasikia maneno yake mwenyewe yakifuatana vile, alinyamaza. Mtoto alikuwa na ugonjwa mmoja wa miezi mingi, na kila ulipohama mahali au kutulia wiki mbili, hesabu ilianza upya.

Ndugu yangu, ukitoka na neno moja katika kisa hiki, liwe hili: kidonda cha kichwani kilichorudi mara ya pili, kihesabu kuanzia siku ya kwanza. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani au nyuma ya daftari la mtoto. Andika pia kila ulichopaka. Hesabu hiyo peke yake ingemfikisha mtoto huyu hospitali kabla ya Idi, na pengine kabla hata ya ile tyubu ya krimu.

Mtaalamu alikwangua magamba na kuchukua vishina vya nywele, vikawekwa tone la dawa na kutazamwa kwa hadubini. Kuvu ilionekana. Ule uvimbe haukuwa jipu. Ni mapunye yaliyochachamaa, yaani mwili ukipigana kwa nguvu na kuvu hadi ngozi inafura na kutoa usaha. Hali hiyo haitaki kupasuliwa, inataka dawa ya kumeza, na wiki nyingi za kuinywa. Alipewa griseofulvini ya kumeza kila siku, akaambiwa ainywe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uipokee vizuri. Kawaida matibabu yake huchukua wiki sita hadi nane, na wakati mwingine zaidi. Pia alipewa shampuu yenye ketokonazoli, akaelezwa wazi kwamba hiyo haitibu. Kazi yake ni kupunguza mbegu za kuvu ili asiwaambukize wengine.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho nimeona kinawarudisha wazazi wengi nyuma. Siku chache baada ya kuanza vidonge, mtoto alitoka vipele vidogo vidogo masikioni, shingoni na mikononi. Bibi aliona dawa imemkataa, akataka kuiacha. Bahati njema alirudi kuuliza kwanza. Vipele vya namna ile huweza kujitokeza mwili unapopambana na kuvu inayokufa, na mara nyingi si sababu ya kuacha dawa. Lakini wewe usiamue mwenyewe nyumbani kama ni hivyo au ni mzio. Rudi ulikopewa dawa, waone kwa macho yao.

Nisieleweke kwamba kila kidonda kinachorudi kichwani ni mapunye. Wanaume wanaotokwa na vipele vigumu kisogoni kila wakinyolewa chini sana wana tatizo jingine, na wembe na kuminya huzidisha makovu. Mwanamke mtu mzima mwenye viraka vinavyoacha kovu lisilo na nywele, pengine na alama masikioni au usoni, anaweza kuwa na lupasi ya ngozi, na huyo anahitaji vipimo upesi. Kuna mba sugu, ambayo wengi huipaka mafuta zaidi wakati kuvu yake hustawi kwenye mafuta. Kuna nywele zilizosukwa kwa kukazwa mno hadi mizizi inatunga usaha. Kwa macho ya nyumbani, na hata ya saluni, magonjwa haya hufanana. Kwa hiyo usichukue vidonge vya mtoto wa jirani kwa sababu umesoma habari hii. Griseofulvini haifai kwa mjamzito, na inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Wataalamu wa ngozi kwetu si wengi, lakini wapo. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na waliosomea pale wanahudumu mikoani. Uliza hospitali ya wilaya yako siku ya kliniki ya ngozi ni ipi. Kabla ya kwenda, osha kichwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyochoma, usipake chochote, ili kitakachotazamwa kionekane kilivyo. Mpeleke na yule mwingine anayelala naye. Kitana, kofia na foronya zioshwe kwa maji ya moto, na kila mtoto awe na chanuo lake. Ukimpeleka kwa kinyozi, omba mashine isafishwe mbele yako. Una haki hiyo hata kama foleni ni ndefu.

Na mtoto akirudi shuleni, walimu wasimtenge kana kwamba ni mchafu. Bibi huyu anasema aibu ndiyo iliyomchelewesha kuliko nauli. Aliogopa kuambiwa hamuogeshi mjukuu wake.

Binti sasa amepona. Juu ya sikio nywele zimerudi zote. Kisogoni, mahali palipoungua na kupasuliwa, kumebaki kovu ambalo mtaalamu ameeleza bila kuficha kwamba halitaota nywele. Mdogo wake alipimwa siku ileile, akakutwa na kuvu katika nywele ambazo kwa macho zilionekana nzima, akaanza vidonge pamoja na dada yake. Walipokwenda kupimwa tena mwisho wa dozi, vishina vyake vilikuwa safi, na kichwani mwake hakuna kovu hata moja.