Tozo Isiyoonekana Kwenye Slipu

Huku kwetu Kericho na Bomet hakuna mkulima anayehitaji kufundishwa faida ya kunakili. Unakwenda kwa jirani mwenye mchai wa TRFK 6/8, unamwomba tawi lililoachwa likue bila kuchumwa, unalikata vijiti vifupi, kila kijiti na jani lake moja na chipukizi kwapani. Unavichomeka kwenye vifuko vya nailoni vilivyojazwa udongo wa chini, ule mwekundu usio na mbolea. Unamwagilia, unafunika kwa karatasi ya nailoni, juu unaweka kivuli. Ukija kufunua baada ya miezi kadhaa, unayo miche mamia, na kila mmoja ni mama yake mtupu. Jirani hakukudai kitu. Pengine ulimwachia mkungu wa ndizi, basi.

Lakini mchai huo haukujileta shambani. Ulichaguliwa na watafiti wa Timbilil, hapa hapa Kericho, katika kituo kilichoanza mwaka 1951 kikiwa cha Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kikabaki mikononi mwetu, na mwaka 1980 kikawa Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya (TRFK). Baadaye kikawekwa chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo. Anayetaka kuelewa kazi yao alinganishe mashamba mawili. Lile la zamani, la miche ya mbegu, halina michai miwili inayofanana: huu una majani mapana, ule membamba, huu umechipua leo, ule bado unalala. Katika fujo hiyo mtafiti anatafuta mmoja. Anauchuma peke yake mwaka baada ya mwaka, anapima uzito, anaangalia ulivyostahimili baridi na ukame, anaonja chai yake, na mara nyingi anaishia kuutupa na kuanza upya. Chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, ilikuwa imewachukua takriban miaka 25.

Nani aliwalipa miaka hiyo yote? Sehemu kubwa, sisi wenyewe. Kila kilo ya chai ilikatwa tozo ndogo, na sehemu ya tozo hiyo ikaenda kwenye utafiti. Tozo hiyo imepanda na kushuka na kufutwa kadiri serikali zilivyobadilika, mpaka Sheria ya Chai ya mwaka 2020 ikairudisha kwenye karatasi na kuutengea utafiti fungu lake. Tumeinung'unikia, na tuna haki ya kunung'unika kila mwezi wa bonasi. Hata hivyo mpango wenyewe ulikuwa na akili: kijiti ni bure kwa yeyote, na matunzo ya anayekizalisha yanalipwa na wote wanaofaidika, kidogo kidogo, pasipo mtu kukimbizana na mwenzake shambani.

Niliyawaza haya kwa sababu ya swichibodi ya simu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya ununuzi katika sacco moja ya wakulima. Katika miaka ile ambayo ofisi bado zilikuwa na laini za shaba, swichibodi yetu ilikufa, na bei tuliyotajiwa ya mpya ilimfanya mwenyekiti avue miwani. Fundi wetu, kijana wa Litein, akasema hatuhitaji kununua swichibodi. Tulihitaji kompyuta moja ya kawaida, programu iitwayo Asterisk, ambayo ni ya bure, na kadi ya kuunganisha kompyuta hiyo na laini za simu. Akaweka kadi mbili mezani. Moja ilikuwa kwenye boksi lenye jina la Digium. Nyingine ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki wa kijivu kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, na bei yake haikufika nusu ya ile ya kwanza.

Tulizishika zote mbili. Bodi ileile, nafasi nne zilezile, vijibodi vyekundu vya kupokea laini za nje na vya kijani vya simu za ofisini. Aliyeiga hakubadilisha hata rangi.

“Mzee, kwa macho hutaona tofauti,” fundi akamwambia mwenyekiti.

“Kama sioni tofauti, kwa nini nilipie tofauti?”

Swali la haki kabisa, na wanaolijibu kwa kufoka kuhusu wizi wanakosea. Mwisho wa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ilipozima simu feki, takriban milioni 1.9, ilizima vifaa vilivyosema uongo: jina si lao, namba ya utambulisho ni ya kubuni. Kadi ya mfuko wa kijivu haikudanganya hivyo. Haikujiita Digium. Ilikuwa nakala, na ulimwengu ilikotoka ni ulimwengu ulioruhusu nakala tangu mwanzo.

Asili yake ni kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, jina lake Mark Spencer. Mwaka 1999 alikuwa na kampuni ndogo ya kuwasaidia watumiaji wa Linux, akahitaji swichibodi, hakuwa na pesa za kuinunua, akaiandika mwenyewe. Kisha akaitoa kwa leseni ya GPL: itumie, ibadilishe, mpe mwenzako, ila ukiisambaza iliyobadilishwa utoe na msimbo wake. Kando yake kulikuwa na Jim Dixon, mshauri wa mambo ya simu, aliyeona kwamba kompyuta za mezani zimepata kasi ya kutosha kufanya zile hesabu za sauti zilizokuwa zikifanywa na chipu za bei ghali. Akabuni kadi ya vipuri vichache na kuachia michoro yake kwa umma. Wawili hao walipokutana, biashara ya Digium ikazaliwa. Programu ni bure, kadi inauzwa, na faida ya kadi ndiyo mshahara wa wanaoiandika programu.

Hapo ndipo tozo ilipojificha. Kwenye lile boksi hakuna mstari unaosema kiasi fulani ni cha utafiti, lakini kilikuwemo. Anayenunua mfuko wa kijivu anapata programu ileile, iliyoandikwa na watu walewale, na pesa yake inakwenda kwa mtu ambaye hajaandika hata mstari mmoja. Huku kwetu tunamfahamu mtu huyo. Anakuja na pikapu getini, analipa taslimu kwa majani mabichi yaliyokuzwa kwa mbolea uliyokopeshwa na kiwanda, halafu anaondoka. Si mwizi, bei yake ni nzuri, na kiwanda kikichelewesha malipo usimlaumu mwenye karo ya shule. Ila wote wakimuuzia yeye, mbolea ya msimu ujao italetwa na nani?

Nisije nikawapamba wenye asili kuliko wanavyostahili. Kadi ya awali ya Digium, X100P, ilikuwa modemu ya kawaida iliyopewa kazi mpya. Waliiuza kwa kama dola 100, na haikuchukua muda wenye modemu za aina hiyo wakaanza kuziuza kwa dola kumi na kitu. Katika biashara hiyo sioni wa kuliliwa machozi. Digium yenyewe ilinunuliwa mwaka 2018 na Sangoma ya Kanada kwa takriban dola milioni 28, kwa hiyo anayedhani kila shilingi ya kadi inakwenda kwa mhandisi mwenye njaa na ajue pia kuna wenye hisa. Wala tusiseme kila Mchina ni mwigaji. David Rowe, mhandisi wa Adelaide, Australia, alipobuni swichibodi ndogo ya wazi iitwayo IP04, aliyekubali kuitengeneza kwa heshima ya mbunifu ni kampuni ya Atcom ya Shenzhen, China. Atcom hao hao wakaja kutengeneza Mesh Potato, kifaa cha simu za vijijini cha mradi wa Village Telco ulioanzishwa Afrika Kusini na Steve Song.

Rowe nina sababu nyingine ya kumtaja, nayo ni mwangwi. Laini ya simu ya kawaida ni jozi moja tu ya waya. Sauti inayokwenda na inayorudi hupita humo humo, na kadi ndiyo inayozitenganisha. Kadi isipolingana na laini, sehemu ya sauti yako hugeuka na kukurudia sikioni. Nakala nyingi za bei ya chini zilikuwa zimepangwa kwa laini za Marekani, na waliozinunua waliongea na simu kama watu wanaobishana na nafsi zao. Dawa mojawapo ni programu ya kufuta mwangwi ambayo Rowe alishirikiana na wengine kuiandika na kuitoa bure, Oslec. Kwa maneno mengine, kasoro ya kadi iliyomkwepa mwandishi wa programu iliponywa na mwandishi mwingine wa programu, naye pia bila malipo. Mwenye mfuko wa kijivu alishalipwa zamani.

Sisi tulinunua boksi. Nilipiga kura upande huo, na hoja yangu haikuwa huruma. Sacco inayogawa faida kila mwaka haiwezi kujiita maskini mbele ya mtu aliyeipa swichibodi bure. Zahanati ya kijijini yenye muuguzi mmoja ingeniuliza, ningeiambia inunue ile ya kijivu, iweke Oslec, na isijihukumu. Leseni imeandikwa kwa ajili yake pia. Kosa ni mwenye uwezo kujificha nyuma ya asiye nao.

Siku hizi hoja ya kadi imepitwa na wakati. Laini zetu za shaba zimekwisha, nyingine zikiwa zimekatwa usiku na wezi wa waya, na simu zinapita kwenye intaneti. Asterisk bado inafanya kazi ileile, lakini hakuna tena boksi la kununua, na tozo iliyokuwa imefichwa ndani yake imepoteza pa kujificha. Kwa anayetafuta sababu ya kutolipa, hali haijawahi kuwa nzuri hivi.

Halafu kuna kazi iliyofanyika hapa hapa. Wazee wengi wanaopiga kuulizia mikopo hawakuwa wakiielewa ile sauti ya Kiingereza inayowaambia wabonyeze moja au mbili. Fundi wetu akamketisha shangazi yake, mwalimu mstaafu, akamrekodi kwa Kikipsigis: salamu, namba, siku za wiki, na neno la subira kwa anayesubiri. Akamruhusu kila mtu kuzichukua rekodi hizo. Wakazichukua. Shangazi sasa anapokea simu katika ofisi ambazo hajawahi kuzikanyaga, zilizowekwa na mafundi waliolipwa kwa kazi hiyo, na zinapokwama kusoma tarehe, anayepigiwa ni mpwa wake. Hajalalamika. Alipotoa ruhusa alimaanisha. Lakini saa anazotumia kuwasaidia ni saa ambazo hakuna anayemlipa, naye ana mke na watoto wawili.

Kwa hiyo tumeongeza mstari kwenye bajeti: matunzo ya programu. Sehemu inakwenda kwa fundi, awe ameitwa au hakuitwa, na sehemu inalipia huduma kwa hao wanaoendelea kuiandika Asterisk. Si pesa nyingi. Mkaguzi wa hesabu alipoufikia mstari huo aliuzungushia duara kwa kalamu nyekundu, akauliza kwa nini chama kinalipia kitu ambacho nyaraka zake zenyewe zinasema ni cha bure. Mama mweka hazina, ambaye amechuma chai tangu akiwa msichana, alimwuliza kama amewahi kuona slipu ya majani isiyo na makato.

Mkaguzi akasema bado anataka stakabadhi. Akapewa.