KUZUIA SI KUMILIKI
Juu ya vifurushi vinavyochukuliwa posta kwa kuwa ni vitu vya khatari

Ama baad. Ndugu msomaji, swali tulilokusudia kulitazama katika karatasi hizi ni hili: mtu akipeleka kifurushi kwa posta, kisha kikazuiliwa kwa kuwa ndani yake mna kitu cha khatari, je, mali ile imetoka katika milki ya mwenyewe? Na aliyeipeleka, je, ni mkosa au ni mwenye kudhulumiwa? Wengi hulijibu swali hili kwa hasira kabla ya kulifikiri. Aliyepotelewa husema, "Nimeibiwa." Karani husema, "Sheria ndiyo iliyokataza." Kila mmoja huondoka akidhani kuwa neno lake limemaliza mambo, wala halikumaliza.

Tuchukue mfano. Kijana wa hapa Rwamishenye yuko Maskati kwa kazi. Ampelekea mamake kifurushi: ndani mna kanga, tende, chupa ya manukato, na betri ya akiba ya kuchajia simu, ile iitwayo pawabenki. Baada ya majuma kadha kifurushi chafika Bukoba kimefunguliwa na kufungwa tena. Kanga zimo, tende zimo. Manukato hayamo, betri haimo, wala hapana karatasi hata moja ya kueleza. Mama hajui kama vilitolewa Maskati, au Dar es Salaam, au hapa hapa mjini. Hajui kama vimetupwa, au vimewekwa, au viko nyumbani kwa mtu. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini hatudhani kuwa utamshangaza mtu yeyote aliyepata kungoja mzigo.

Kwanza yatupasa tuwe waadilifu kwa watu wa posta. Khatari wanayoitaja si neno la uwongo. Mataifa yamevigawa vitu vya khatari katika mafungu 9: vyenye kulipuka; gesi; maji yenye kuwaka; vitu vikavu vyenye kuwaka; vyenye kuuzidishia moto nguvu; sumu na vyenye kuambukiza maradhi; vyenye mionzi; vyenye kula ngozi na chuma; na la tisa ni mkusanyo wa vilivyobaki, na humo ndimo zilimo betri za lithiamu. Manukato mengi ya dukani yamo katika fungu la tatu, kwa kuwa yamechanganywa na spiriti, na mvuke wa spiriti hushika moto upesi. Ama betri ya lithiamu, ikigongwa au ikiwa na ila ndani yake yaweza kupata moto yenyewe, na moto wake ukaipata ya pili yake, na ya pili ikaipata ya tatu. Kwa sababu hii betri zilizo peke yake hazikubaliwi katika mizigo ya posta iendayo nchi za nje kwa ndege. Zilizomo ndani ya chombo chake, kama simu, huruhusiwa kwa masharti.

Masharti haya yamewekwa kwa sababu ya mambo yaliyotokea. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS iliondoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani, nayo imebeba maelfu ya betri za lithiamu. Moto ukawaka katika shehena, moshi ukajaa chumba cha marubani hata wasivione vyombo vyao, na ndege ikaanguka huko huko Dubai. Marubani wote wawili wakafa. Katika uchunguzi ilionekana kuwa zimo shehena za betri zilizopasa kuandikwa kuwa ni za khatari, wala hazikuandikwa. Na kabla ya hapo, tarehe 11 Mei 1996, ndege ya abiria ya ValuJet ilianguka katika mabwawa ya Everglades, Florida, Marekani, na watu wote 110 waliokuwamo wakafa. Katika shehena yake vilikuwamo vyombo vya kutoa hewa ya oksijeni ambavyo nguvu yake haijatoka, na hati ya mzigo ilisema kuwa ni vitupu. Tazama, ndugu yangu, jinsi neno moja lisilo kweli juu ya karatasi lilivyofika.

Watu wa Bukoba hawahitaji kwenda Florida kujifunza jambo hili. Siku 10 tu baada ya msiba ule, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba iliyotoka huku kwetu ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Meli ile haikuchomwa na kitu cha khatari. Ilipakiwa kupita kiasi chake. Lakini funzo ni moja: waliomo chomboni hawaichagui mizigo ya wenzao, nao huzama nayo.

Basi mwenye kuficha kitu cha khatari katika kifurushi, akaizungushia betri nguo, akaandika juu yake "nguo tupu", huyo ameifanyia khiyana nafsi ya mtu asiyemjua. Asiseme, "Ni kitu kidogo." Asiseme, "Nimepeleka mara tatu na hapana lililotokea." Mtu huitoa khatari katika mali yake mwenyewe akitaka, lakini hana ruhusa ya kuitoa katika roho ya rubani. Asiyejua ana udhuru mbele ya watu. Ila moto hauujui udhuru wa mtu, na kwa hiyo kuuliza ni wajibu wa kila mwenye kupeleka.

Hayo ni ya upande mmoja. Sasa tuje kwenye upande wa pili, nao ndio uliosahauliwa.

Kifurushi kikisha kupokewa na posta huwa ni amana mkononi mwao, tena amana iliyolipiwa ujira. Wanazuoni wamekubaliana kuwa mwenye kuwekewa amana halipi ikipotea pasina uzembe wake, na hulipa akivuka mpaka. Je, kuichukua amana kwa kuwa ina khatari ni kuvuka mpaka, au ni kuhifadhi? Hapa mna mas'ala mawili ya zamani yanayotusaidia.

La kwanza ni la jahazi. Katika fiqhi ya Kishafii, ile inayosomeshwa pwani na huku bara, na imo katika Minhaji ya Imam Nawawi aliyefariki mwaka 1277, imeelezwa kuwa jahazi likikaribia kuzama huruhusiwa kutupwa shehena baharini, na huwa ni wajibu ikiwa kwa kufanya hivyo hutarajiwa kuokoka watu. Kwani roho ya mtu hutangulia mali. Lakini mwenye kuitupa mali ya mwenziwe bila idhini yake itampasa kumlipa. Angalia uadilifu wa hukumu hii: alilolitenda lilikuwa wajibu, na juu ya hayo haki ya mwenye mali haikufa.

La pili ni la ngamia. Ngamia wa mtu akimrukia mtu mwingine kutaka kumwua, naye akamwua ngamia yule ili ajiokoe, je, atamlipa mwenyewe? Mahanafi wamesema atalipa thamani yake. Mashafii na wengi wengine wamesema halipi, kwa kuwa madhara yalitoka kwa ngamia yule yule. Ibn Rajab, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki mwaka 1393, ndiye aliyeitenga vizuri tofauti ya mambo haya mawili: kitu kikiharibiwa kwa sababu chenyewe ndicho kilichokuwa kikidhuru, hapana malipo, kikiharibiwa ili mtu ajiokoe kwa kukiharibu hicho na madhara yaliyotoka pengine, malipo yapo.

Sasa tuulize: chupa ya manukato ya mama wa Rwamishenye ni kama shehena ya jahazi, au ni kama ngamia aliyeruka? Twaona kuwa si hiki wala si kile. Chupa ikiwa juu ya meza ya posta haimshambulii mtu. Mama huyo huyo akiinunua dukani Bukoba na kuiweka kabatini, hapana wa kumkataza. Khatari yake ni ya safari ya angani. Haiko katika dhati yake. Huyu ni ngamia aliyefungwa kamba. Ana haki mtu kukataa kumpakia chomboni. Hana haki ya kumchinja, wala ya kumpeleka nyumbani kwake.

Kwa hivyo tusivichanganye vitu vyote katika hukumu moja. Viko vitu ambavyo sheria imemkataza mtu hata kuwa navyo, kama vile baruti na madawa ya kulevya. Hivyo mwenyewe hana dai, na shauri lake liko kwa serikali. Viko vitu vilivyokwisha kuanza kudhuru, kama betri iliyovimba au chupa inayovuja. Huyo ndiye ngamia aliyeruka, na kuviharibu ni sawa, ila viandikwe na kuwe na mashahidi. Na viko vitu vya halali ambavyo khatari yake ni ya njia tu. Hivi vya tatu ndivyo vilivyo vingi, na hukumu yake ni kuvizuia, kumpasha mwenyewe khabari, na kumpa nafasi avichukue au avipeleke kwa njia nyingine inayoruhusiwa, kwa gharama yake. Dharura haina ruhusa ya kupita kiasi chake. Likiisha kuondoka lile la kuogopwa, haki hurudi mahali pake.

Nasi hatuzui jambo jipya. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mjini Bern mwaka 1874, umesema katika mapatano yake kuwa kitu kilichopokewa kimakosa, kama hakikurudishwa kwa mpelekaji wala hakikufikishwa kwa mpelekewa, mpelekaji apashwe khabari bila kukawia, aelezwe kilichofanywa, na kitu gani kilichosababisha, na katazo gani kilichoingia. Basi kunyamaza hakukuamrishwa na fiqhi wala na mapatano ya mataifa.

Atasema mtu: "Mpelekaji alitia sahihi karatasi ya masharti, basi amekwisha kukubali." Tunajibu: alikubali kuwa kitu kilichokatazwa hakitasafirishwa. Hakukubali kuwa hataambiwa.

Atasema mwingine: "Aliyedanganya amestahili kupotelewa." Tunajibu: huenda amestahili adhabu, lakini adhabu ina mlango wake, na mlango huo ni wa hakimu. Sheria yaweza kumpa mtumishi ruhusa ya kukamata. Ruhusa ya kukamata si hati ya kumilikisha. Na ishara ya adhabu ya haki ni kuwa mwenye kuitoa hafaidiki nayo. Kitu kilichokuwa sumu juu ya meza ya posta hakiwi dawa nyumbani kwa karani. Hatumtuhumu mtu, twasema tu kuwa palipo na daftari na stakabadhi, mwaminifu husalimika na dhana mbaya, na asiye mwaminifu hukosa njia.

Atasema wa tatu: "Mizigo ni mingi, na kumwandikia kila mtu ni kazi nzito." Tunajibu: karatasi ndogo yenye maneno kumi, kimetolewa nini, wapi, siku gani, kwa sababu gani, ni nyepesi kuliko kazi ya kufungua na kufunga kifurushi.

Na hapa ndipo ulipo msingi wa maneno yetu yote. Watu wakiona vitu vyao vyatoweka pasina neno, hawajifunzi kuwa betri ni khatari. Hujifunza kuwa posta si pa kusema kweli. Kesho huificha betri vizuri zaidi, huandika "nguo", na wale waliowekewa sheria kuwalinda, yaani walio angani na majini, hubaki bila ulinzi. Ukimya wa mezani huzaa uwongo wa juu ya kifurushi, na uwongo wa juu ya kifurushi ndio uliowaua watu 110 Florida. Kwa hivyo mwenye kudhani kuwa kumpasha mtu khabari ya mali yake ni jambo la adabu tu amekosea. Ni sehemu ya ulinzi wenyewe.

Basi yatupasa kila mtu ashike lake. Mpelekaji aulize kabla ya kufunga, aseme kweli juu ya karatasi, na asimtume jirani msafiri kubeba asichokijua. Mwenye kupokea kazi ya posta, ya basi au ya meli abandike ukutani, kwa Kiswahili cha kusomeka, majina ya vitu visivyopokewa. Na akizuia kitu aandike, atoe stakabadhi, na akiweke mahali kitakapoonekana kikiulizwa. Na aliyepotelewa asikimbilie kusema "mwizi" wala asikae kimya: na aulize kwa maandishi pale alipopelekea au alipopokea, na asipojibiwa apeleke malalamiko yake kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo posta na wachukuzi wa vifurushi wako chini ya uangalizi wake. Kudai haki kwa njia yake si ugomvi. Ni kumsaidia mwenye amana akumbuke kuwa alichonacho si chake.

Mali ya mtu huzuiliwa kwa ajili ya roho ya mtu, na hilo ni haki. Lakini mwenye kuizuia hubaki mlinzi wake mpaka aseme iko wapi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.