Fahamu Iliyopotea, Roho Isiyokatika

Kiswahili husema aliyekufa amekata roho, bali aliyeumia kichwa akalala bila kuitika husemwa amepoteza fahamu, na kilichopotea, tofauti na kilichokatika, bado kina mwenyewe na huweza kutafutwa. Swali la kifalsafa limo humo: je, asiyeonyesha dalili ya kutambua ndiye asiyetambua?

Utabibu hutenganisha hali tatu. Ya kwanza ni koma, ambamo macho hayafumbuki. Ya pili ni hali ya kuwa macho pasipo utambuzi, ambamo mgonjwa hulala na kuamka lakini hatendi lolote kwa kukusudia. Ya tatu ni fahamu hafifu, ambamo dalili za utambuzi huja na kutoweka, pengine ndani ya siku moja. Kipimo cha fahamu cha Glasgow cha mwaka 1974, kinachotoa alama 3 hadi 15 kwa kutazama macho, usemi na viungo, hufaa zaidi siku za mwanzo kuliko miezi inayofuata. Utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa 2009 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 44 waliohukumiwa na waganga wao kuwa hawana utambuzi, 18 walikuwa nao walipopimwa kwa utaratibu makini zaidi.

Kwa hiyo kauli "hana fahamu" humhusu mpimaji pia, na lugha anayoitumia. Mkoani Katavi, nchini Tanzania, Kipimbwe, Kikonongo, Kibende na Kisukuma vingali lugha za nyumbani, na huko Katumba, iliyopokea wakimbizi wa Burundi kuanzia 1972, kuna Kirundi. Basi bibi aliyelelewa kwa Kipimbwe akiambiwa "fumba macho" kwa Kiswahili pekee, ukimya wake hauthibitishi lolote. Mashine za kupiga picha za ubongo unapofikiri ni ghali mno, lakini kioo kinachosogezwa polepole mbele ya uso, bila kuhitaji maneno, kwa kuwa macho mara nyingi huifuata sura ya mwenyewe kuliko kitu kingine, kinapatikana madukani.

Uislamu na Ukristo hufundisha kwamba uhai ni amana ya Mungu, na amana hailindwi kwa kungojea tu. Utengamao, yaani kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, kumnyoosha viungo, kumketisha na kumsemesha, ni haki yake, wala si hisani ya ndugu. Kabla jalada halijaandikwa kwamba mgonjwa hatambui, mama yake na aulizwe: huyu nyumbani mnamwitaje, na kwa lugha gani?