Kiungulia na Saa ya Kula

Wewe uliyeacha maharage, maziwa na chapati kwa muda ili ujue kipi kinakudhuru, na bado usiku kifua kinawaka, nakuonea huruma. Ila kabla hujaongeza vya kuacha, tazama saa ya kula. Tindikali hupanda pale mlango wa juu wa tumbo unapolegea, na kulala umeshiba huirahisishia njia. Zipite angalau saa 3 kati ya chakula na usingizi. Inua upande wa kichwani wa kitanda, lalia ubavu wa kushoto. Vyakula virudishe kimoja kimoja, kwa kupisha siku kadhaa. Lakini ukimeza kwa shida, ukikonda bila sababu au choo kikiwa cheusi, nakusihi, nenda hospitali leo hii.